Shajara ya mradi: lenzi iliyokataa kujibu

Jumamosi 8 Juni, usiku

Nimerudi kutoka sendofu Mbagala saa saba usiku na sitalala kabla sijaandika hili. Binti alikuwa katikati ya ukumbi akimtafuta mume wake mtarajiwa ili amtambulishe, ile dakika ambayo kila mama anainua simu juu, na kamera ikagoma mkononi mwangu. Skrini ikaandika kwamba mawasiliano kati ya kamera na lenzi yana hitilafu, nisafishe kontakti za lenzi. Nikazima, nikawasha. Picha mbili zikapita, ya tatu ikakataa. Nikachomoa ile lenzi ya zumu ya milimita 18-55, nikavalisha 50 yangu ya f/1.8 isiyo na zumu, nikarudi nyuma mpaka mgongo ukagusa meza ya ndafu. Utambulisho nimeupata. Picha ya familia nzima nimelazimika kuipiga vipande viwili.

Lenzi hii ndiyo imenilipia kodi ya nyumba kwa miaka minne. Nataka kujua inaumwa nini, na nataka niijue kwa hatua, si kwa kubahatisha. Ndiyo maana naanza kuandika. Chapa ya kamera naiacha, maana ujumbe wa namna hii nimeuona kwenye kamera za wenzangu wa chapa nyingine.

Jumapili 9 Juni

Leo nimetii maneno ya skrini: kusafisha.

Lenzi ina safu ya kontakti ndogo za rangi ya dhahabu nyuma yake, na mdomo wa kamera, pale lenzi inapovaliwa, una pini zinazolingana nazo, kila pini ikiwa imekalia springi. Nimetumia kitambaa cha kufutia miwani kilicholoweshwa kidogo sana kwa alikoholi ya isopropili ya 99%. Naloweka kitambaa, simwagii lenzi. Kitambaa kilitoka na weusi hafifu, jambo la kawaida kwa sisi tunaofanya kazi karibu na bahari: jasho la vidole, vumbi, na ule unyevu wenye chumvi unaoganda juu ya kila kitu upepo ukivuma kutoka baharini.

Ushauri niliopokea tangu asubuhi, nauandika pamoja na sababu za kuukataa. Mmoja kasema nisugue kwa msasa laini. Hapana, ile dhahabu ni tabaka jembamba mno, ukiipitishia msasa umeiondoa, na chuma cha chini yake ndicho kitakachoshika kutu. Mwingine kasema raba ya penseli. Upande wa lenzi ningeweza kukubali, ikiwa lenzi imeinamishwa na vumbi la raba linafutwa lote. Upande wa kamera kamwe, kwa sababu makombo yataangukia kwenye kioo cha kuakisi kilicho ndani ya kamera na mwisho yatafika kwenye kihisi, sehemu inayonasa picha. Wa tatu kaniletea kopo la mafuta ya kupuliza, yale ya kulainishia nati zenye kutu. Mafuta yale yanatambaa. Leo yako kwenye kontakti, kesho yako juu ya kioo cha lenzi.

Pini za kamera nimezibonyeza moja moja kwa kijiti cha meno cha mbao. Zote zimerudi juu zenyewe. Skrubu za pete ya mdomo nimezikagua, zimekaza.

Matokeo: picha kumi na moja zimepita sebuleni, ya kumi na mbili ikagoma. Baada ya hapo ikagoma karibu kila mara.

Jumatatu 10 Juni

Kutenganisha. Kanuni niliyojiwekea ni kubadilisha kitu kimoja tu kwa wakati mmoja.

Kamera yangu na lenzi ya 50, picha mia moja, hitilafu sifuri. Kamera yangu na 18-55, hitilafu. Nimembeba jirani yangu mpiga picha mpaka dukani kwa rafiki yake mwenye kamera inayofanana na yangu, tukavalisha 18-55 yangu pale: hitilafu, ujumbe uleule. Tukachukua 18-55 ya huyo rafiki tukaivalisha kwangu: safi.

Kwa hiyo kamera imesafishwa jina. Ugonjwa uko ndani ya lenzi.

Betri nayo nimeibadilisha, kwa sababu mota za lenzi hunywa umeme kutoka betri ya kamera na betri iliyochoka inaweza kuleta malalamiko ya ajabu. Hakuna tofauti. Kisha nikaishika lenzi ikiwa imevaliwa, nikaizungusha kidogo kushoto na kulia bila kubonyeza kitufe cha kufungulia. Kama kontakti zingekuwa na mguso dhaifu, hapa hitilafu ingekuja na kuondoka kwa kufuata mkono. Haikufuata mkono.

Jirani yangu anatumia Nikon. Kaniambia kwake kamera husema kwa alama nyingine: ukiona F-- mahali pa namba ya apecha (tundu la lenzi linaloingiza mwanga; namba ya f/ ikiwa ndogo, tundu ni kubwa), kamera haioni chipu ya lenzi, ukiona FEE kwenye lenzi yenye pete ya apecha, hiyo si hitilafu, hujaifunga pete kwenye namba kubwa kabisa. Naliandika hili kwa faida ya mwingine, maana wako waliouza lenzi nzima kwa bei ya kutupa kwa sababu ya FEE.

Jumatano 12 Juni

Leo ndiyo siku yenyewe, na nitaandika kwa urefu.

Tangu juzi niliamini kwamba tatizo liko kwenye zumu. Sababu: nikiwa 55 lenzi inapiga, nikirudi 18 inagoma. Nilirudia mara nyingi na jibu likawa hilohilo, mpaka nikaanza kutafuta jinsi ya kurekebisha sehemu inayosoma mahali zumu ilipo. Kamera muda wote ilikuwa kwenye f/5.6, kwa kuwa ndiyo namba ninayotumia ukumbini.

Asubuhi nikiwa napiga mswaki nikaona kosa langu. Lenzi hii ni f/3.5-5.6. Ikiwa 55, f/5.6 ndiyo uwazi wake wa mwisho, apecha iko wazi kabisa na hakuna kinachosogea. Ikiwa 18, uwazi wake wa mwisho ni f/3.5. Ukiiomba f/5.6 hapo, yale majani membamba ya chuma ndani ya lenzi lazima yajifunge kiasi kabla shata, pazia la kamera, haijafunguka. Nilidhani nabadilisha zumu peke yake, kumbe nilikuwa nabadilisha vitu viwili kwa pamoja. Kanuni ya Jumatatu niliivunja bila kujua.

Nikaweka kamera mezani, nikachukua daftari:

18 na f/3.5: mara kumi, zote zimepita.
18 na f/5.6: mara kumi, zote zimegoma.
55 na f/5.6: mara kumi, zote zimepita.
55 na f/8: mara kumi, tisa zimegoma.
35 na uwazi wa mwisho: zote zimepita.
35 na f/8: saba zimepita, tatu zimegoma.

Hapo picha ikawa wazi. Lenzi hii haina shida yoyote mpaka pale inapoombwa kufunga apecha. Fokasi ya kujiendesha inafanya kazi, kamera inajua niko milimita ngapi, kwa hiyo mazungumzo ya data yapo na yanapita kwenye kontakti zilezile ninazoambiwa nizisafishe. Kinachotokea ni kwamba kamera inatoa amri ya kufunga apecha, lenzi inajaribu, haifanikiwi, na jibu ambalo kamera inalisubiri haliji. Kwa kamera, lenzi isiyojibu ni sawa na lenzi isiyosikia. Inaandika "mawasiliano" kwa sababu hapo ndipo ilipokwama yenyewe.

Kuna njia ya kuthibitisha bila kupiga picha. Kwenye kamera, karibu na mdomo wake, kuna kitufe kidogo kinachofunga apecha kwa namba uliyochagua, ili mpiga picha aone kabla ya kupiga ni kiasi gani cha picha kitakuwa na ukali. Nikaweka f/11, nikaelekeza lenzi usoni kwangu, mwanga wa dirisha ukiingia, nikabonyeza. Majani yakatikisika kama kope la mtu mwenye usingizi, yakarudi yalikokuwa, na ujumbe ukatokea. Nimeuona ugonjwa kwa macho yangu.

Sasa, ni mota ya apecha au ni njia ya umeme inayokwenda kwenye mota? Jibu liko kwenye zile saba kwa tatu za 35. Mota iliyokufa isingejali zumu iko wapi. Bomba la lenzi hii linakuwa fupi kabisa karibu na 35, na linachomoza likielekea 18 na likielekea 55. Ndani yake kuna waya bapa, mafundi simu wanauita fleksi, unaokunjwa na kukunjuliwa kila unapozungusha zumu. Miaka minne ya harusi ni mikunjo mingi. Ninaamini njia moja ya shaba ndani ya fleksi hiyo imepasuka, na bomba likiwa fupi mipasuko inagusana, likichomoza inaachana.

Namshukuru Mungu kwa daftari. Bila hizo mara kumikumi ningeagiza kifaa kisichohusika.

Alhamisi 13 Juni

Mzee mmoja aliyepiga picha za studio tangu enzi za filamu amenipokea leo. Nilimpa shikamoo, akanikalisha, akaitazama lenzi, akanionyesha ya kwake ya Nikon ya zamani. Nyuma yake kuna kijiti kidogo cha chuma. Ukikisukuma kwa kidole, majani ya apecha yanafunga na kufunguka. "Hii haina cha mawasiliano, mwanangu," akaniambia. "Kamera inaisukuma kwa mkono wake."

Ni kweli. Mdomo wa Nikon F wa mwaka 1959 ulikuwa ukifunga apecha kwa kijiti, na lenzi nyingi za mfumo huo ziliendelea hivyo kwa miongo mingi. Canon walipoleta mfumo wa kamera wa EOS mwaka 1987 waliacha vijiti vyote, kila kitu kikapita kwenye kontakti za umeme, na mota ya apecha ikawekwa ndani ya lenzi yenyewe. Mfumo wa kamera wa Four Thirds wa mwaka 2003 nao ni wa umeme mtupu, na leo lenzi za kamera zisizo na kioo hufanya hivyohivyo. Faida ni kubwa: hakuna kijiti cha kupinda. Gharama yake ni kwamba kuna waya wa kukunjwa, na waya ukichoka, mtumiaji anaambiwa asafishe kontakti.

Nimeagiza kifaa kizima cha apecha kikiwa na mota yake na fleksi yake, kutoka China, shilingi 38,000 pamoja na usafirishaji. Lenzi mpya ya aina hii ingenigharimu mara nyingi zaidi ya hiyo.

Jumamosi 22 Juni

Harusi Bagamoyo. Nimeibeba lenzi mgonjwa makusudi, nikaiwekea masharti: uwazi wa mwisho tu. Nimeweka kamera kwenye hali ya kuchagua apecha mwenyewe, nikaishusha mpaka namba ya chini kabisa, na kila nikizungusha zumu naangalia tena. Picha zaidi ya mia sita, hitilafu moja tu, nayo ni pale kidole kilipogusa gurudumu bila mimi kujua.

Ufukweni saa tisa alasiri, jua kali na mchanga mweupe, f/3.5 ni shida. Nimelazimika kupandisha kasi ya shata mpaka mwisho. Picha za makundi, mtu wa pembeni kabisa ana ukungu kidogo. Familia hawajalalamika, ila mimi naiona.

Jumatano 3 Julai

Kifaa kimefika. Nimekipima kwa mita ya kupimia umeme kabla ya yote. Mota hii ndogo ina koili mbili, na zikiwa nzima zinapaswa kusoma karibu sawa. Zimesoma sawa, hata nilipokunja fleksi taratibu.

Ijumaa 5 Julai

Nimeifungua. Saa nne mpaka saa tisa, mlango umefungwa, feni imezimwa ili isipeperushe skrubu.

Kwanza bisibisi. Skrubu za lenzi za Kijapani zinaonekana kama za nyota ya kawaida lakini mara nyingi ni za JIS, kiwango cha viwanda vya Japani. Bisibisi ya kawaida inapanda juu na kula kichwa cha skrubu. Nimenunua ya JIS namba sifuri, na hakuna hata skrubu moja iliyoharibika. Karatasi nyeupe mezani, nimechora duara la lenzi, kila skrubu nimeibandika kwa utepe mahali pake. Simu iko juu ya stendi inapiga picha kila hatua.

Pete ya nyuma imetoka. Chini yake kuna washa nyembamba kama karatasi, na hizi ndizo zinazopanga umbali kati ya lenzi na kihisi. Kwangu zilikuwa tatu, hazilingani unene. Nimezipiga picha, nimeziweka alama, kwa sababu ukizichanganya upande mmoja wa picha utakuwa laini milele na hutajua kwa nini.

Halafu bodi, na fleksi zake zimechomekwa kwenye soketi zenye kifungo kidogo kinachoinuka. Kifungo kinainuliwa kwa ukucha, fleksi inatoka yenyewe bila kuvutwa. Kuna brashi ndogo ya shaba inayosoma mahali zumu ilipo, nyembamba kama unywele. Nimeiona, nimeiogopa, nimeitoa kwanza.

Ukifika kwenye kundi la vioo, utaona vipete vidogo vyenye tundu lisilo katikati. Usivizungushe. Hivyo ndivyo kiwanda kilivyonyoosha vioo. Mimi nimechora mstari wa penseli kuvuka kila kimoja kabla sijakigusa.

Na fleksi ya zamani hiyo hapo. Kwenye mkunjo kuna mstari mweupe. Mita kwenye koili ya kwanza imesoma. Kwenye koili ya pili imesoma nilipoinyoosha, nilipoikunja ikakata. Nikairudisha, ikasoma, nikakunja, ikakata. Nimekaa dakika nzima nikifanya hivyo tu. Wiki tatu nilikuwa naizungumzia bila kuiona.

Kamera yenyewe sijaifungua na sishauri mtu aifungue nyumbani. Yenye flashi ya ndani ina kapasita inayoweza kubeba takriban volti 300 hata betri ikiwa imetolewa.

Jumamosi 6 Julai

Ncha moja ya fleksi hii inalehemiwa kwenye bodi ndogo badala ya kuchomekwa. Mkono wangu hauna utulivu huo. Nimekwenda mtaa wa Aggrey, Kariakoo, kwa dada mmoja fundi simu ambaye kazi yake ya kila siku ni viungo vidogo kuliko hivi.

"Kaka, ni ya simu gani hii?"

"Si ya simu, dada. Ni ya lenzi ya kamera."

Akaiweka chini ya hadubini, akacheka kwa furaha. "Mbona hii ni barabara ya lami! Za simu ni vichochoro." Dakika sita. Akasafisha, akanipa nitazame mwenyewe: viungo vinang'aa, hakuna kilichogusana na mwenzake. Shilingi 15,000. Tukapima kwa mita pale pale, koili zote mbili zinasoma fleksi ikiwa imekunjwa na ikiwa imenyooshwa.

Jumapili 7 Julai, Saba Saba

Nimeunganisha asubuhi. Nikavalisha kwenye kamera, 18, f/11, nikabonyeza. Imepita. Nikageuza lenzi usoni, nikabonyeza kile kitufe kidogo: majani yamefunga duara dogo, yamekaa, nilipoachia yamefunguka. Nimemwita mke wangu aje aone.

Lakini taarifa za picha zikaonyesha jambo jingine. Kila picha inasema 18, hata nikiwa 55. Fleksi ni nzima, apecha inatii, ila kamera imedanganywa kuhusu zumu. Ni ile brashi ya shaba. Nimefungua tena, na kweli kidole chake kimoja kilikuwa kimekunjamana chini ya pete wakati wa kufunga. Nimekinyoosha kwa kibano chini ya kioo cha kukuzia, nikafunga kwa utaratibu mwingine: brashi ya mwisho kabisa, zumu ikiwa 35.

Mchana nimekwenda kwenye maonyesho, Barabara ya Kilwa, na lenzi ikiwa shingoni. Watoto na bendera, mabanda, vumbi. Sikwenda kutafuta picha nzuri, nilikwenda kuichosha lenzi: f/8, f/11, f/16, zumu mbele na nyuma bila huruma. Picha 412. Hitilafu sifuri.

Jumanne 9 Julai

Kipimo cha ukali. Nimebandika magazeti ukutani pembe nne na katikati, kamera kwenye miguu mitatu. Kwenye 18 na 35 pembe zote zinasomeka sawa. Kwenye 55 na f/5.6 pembe ya kulia juu ni laini kidogo kuliko wenzake. Kwenye f/8 tofauti inapotea. Sijui kama ilikuwa hivyo kabla, kwa sababu sikuwahi kuipima ikiwa nzima, na hilo nimelisahihisha leo: lenzi zangu zote tatu zimepigiwa magazeti na faili zimehifadhiwa. Sitaifungua tena kwa ajili ya pembe moja.

Makazi mapya: chombo cha plastiki chenye mfuniko wa mpira, vipakiti vya silika ya kufyonza unyevu, na kipima unyevu kidogo ndani. Tangu jana kinasoma kati ya 42% na 47%, wakati chumbani ni 78%. Mchele nimeukataa, una vumbi la unga na haufyonzi vya kutosha. Lenzi ikitoka ufukweni inafutwa kwanza kwa kitambaa chenye unyevu, kisha kikavu, ndipo iingie humo. Silika nitaikausha kila rangi yake ikibadilika.

Fleksi ya zamani nimeibandika kwa utepe ndani ya jalada la daftari hili, mkunjo wake ukiwa juu. Jumamosi kuna sendofu Tabata, ukumbi ni mrefu, nitakuwa kwenye f/5.6.